Kaye ikibaki kijijini, mtoto anabaki na nini?



Tangu mauaji yalipoanza katika eneo letu mwaka 2014, familia nyingi zimehamia Oicha na mjini Beni kutoka vijiji vya barabara ya Mbau–Kamango. Wanafika na sufuria, godoro, mtoto mgongoni, mbuzi kama yupo. Kaye za shule ni mara chache sana kuziona. Hakuna mzazi wa kulaumiwa kwa hilo. Risasi zikilia, mtu anabeba uhai kwanza. Lakini wiki chache baadaye mtoto yuko kwenye shule nyingine, mbele ya mwalimu asiyemjua, na mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, ule ENAFEP, haumsubiri mtu. Hapo ndipo swali linakuja: je, masomo ya mtoto yule yalikuwa ndani ya kaye, au yalikuwa ndani ya kichwa chake?

Kazi yangu ya redio imenifikisha shule nyingi, na karibu kila mahali nakuta desturi moja. Mwalimu anaandika ubaoni, watoto wananakili, jioni wanasoma tena na tena mpaka maneno yanatoka mdomoni bila kusita. Tunasema mtoto amemeza somo. Siku ya mtihani analitapika jinsi lilivyo. Ukimuuliza, "Unalijua somo?" atajibu, "Ndiyo, nimesoma kaye yote." Kwake kusoma kaye yote na kujua ni kitu kimoja.

Siyo kitu kimoja. Nampa mtoto wa darasa la sita mikrofoni, anasema sentensi ya Kifaransa kuhusu mzunguko wa maji, safi kabisa, hakosei hata neno. Halafu namwomba: "Sasa mweleze bibi yako kwa Kiswahili, au kwa Kinande kama ndiyo anasikia." Kimya. Anatazama mwalimu, anatazama chini. Siyo mjinga hata kidogo. Hajawahi kuulizwa ajipime mwenyewe.

Kujipima huko wataalamu wanakuita metakognisheni. Neno hilo lilienea kutokana na kazi za John Flavell, mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, katika miaka ya 1970. Maana yake kwa lugha yetu ni kufikiri juu ya namna unavyofikiri: kujua nini unakijua, nini hukijui, na ufanye nini juu ya hicho usichokijua.

Mwaka 2006, huko huko Marekani, watafiti wawili, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio walilofanya na wanafunzi wa chuo kikuu. Kundi moja lilisoma andiko fupi mara nne. Kundi lingine lilisoma mara moja tu, kisha wakaweka karatasi pembeni na kujaribu mara tatu kuandika waliyokumbuka. Baada ya dakika 5, waliosoma mara nne walikuwa mbele: walikumbuka asilimia 83, wenzao asilimia 71. Lakini baada ya wiki moja mambo yaligeuka. Waliosoma mara nne walibaki na asilimia 40, na wale waliojipima walikuwa na asilimia 61. Tena, waliosoma mara nne ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka.

Maneno ukiyasoma mara nyingi macho yanayazoea, na kichwa kinadhani yameingia. Mtoto analala na furaha, asubuhi hana kitu. Lakini akifunga kaye na kujiuliza mwenyewe, anaona palipo na shimo, na anaweza kuliziba kabla mtihani haujamwonyesha.

Nimekutana na msichana mmoja wa familia ya wahami, anaishi katika familia iliyowapokea hapa mjini. Kaye zake zote zilibaki kijijini. Aliniambia, "Yaya, mimi nilitumia maharagwe." Kila jioni anataja mambo aliyofundishwa, moja moja, na kwa kila jambo anaweka punje. Jambo anaweza kulieleza kwa mdogo wake, punje inakwenda kulia. Analikumbuka nusu, inakaa katikati. Hajui kabisa, inakwenda kushoto. Kesho yake, wakati wa mapumziko, anaomba kaye ya jirani yake darasani, na hanakili kila kitu. Anatafuta ya kushoto tu, kisha ya katikati. Kwa mtoto anayeazima kaye kwa dakika 15, kujua atafute nini ni msaada mkubwa.

Wazazi wengi wananiambia, "Sisi hatukusoma, tutamsaidia vipi mtoto?" Napenda kuwajibu na habari ya mama mmoja muuzaji wa mafuta ya mawese. Kijana wake alikuwa na hesabu: nusu kuongeza robo. Akaandika jibu, mbili ya sita. Alijumlisha namba za juu na za chini, kosa ambalo walimu wanalijua sana. Mama hakujua sehemu za hesabu, lakini alijua chupa. Akamuuliza, "Mbili ya sita hiyo ni kiasi gani?" Kijana akafikiri, akasema ni kama chupa umeigawa mara tatu ukachukua kipande kimoja. Mama akasema, "Mwanangu, nilikuwa na nusu chupa, nikaongeza robo, na sasa nina chini ya nusu? Mafuta yangu yamekwenda wapi?" Kijana akacheka, akafuta, akatafuta mwenyewe mpaka akapata tatu ya nne.

Mama hakumpa jibu. Alimpa swali: jibu hili linawezekana? Mtoto akilizoea swali hilo, atajiuliza mwenyewe hata siku mama yuko sokoni.

Katika masomo ya uandishi wa habari tulifundishwa kitu cha namna hiyo. Kabla ya kutoka na mikrofoni, unagawa ukurasa: upande huu ninayoyajua na nimeyahakikisha, upande ule niliyoyasikia tu, chini yake nisiyoyajua. Katika mji wa usalama mdogo kama wetu, anayechanganya pande hizo anaweza kukimbiza mtaa mzima usiku kwa habari ya uongo. Kwa sababu hiyo naamini kusema "hili silijui bado" siyo haya, ni kazi.

Lakini darasani mara nyingi ni haya. Mtoto akisema "sijaelewa," wenzake wanacheka. Mhami ndiye anayeogopa zaidi, kwa sababu tayari wanacheka matamshi yake na nguo zake. Ananyamaza, mwalimu anadhani ameelewa, somo linaendelea. Najua walimu wetu wana watoto wengi sana kwenye chumba kimoja, hasa tangu elimu ya msingi ilipokuwa ya bure mwaka 2019, na hawawezi kumuuliza kila mmoja. Hata hivyo nimemwona mwalimu mmoja anayemaliza somo kwa dakika tano tu: kila mtoto anamgeukia jirani yake, anamweleza kaye ikiwa imefungwa, na jirani anasema wapi hakuelewa. Hapo ubaoni mwalimu anaandika mambo mawili yaliyowasumbua wengi, na kesho anaanzia pale. Katika darasa lake kusema "sijaelewa" kumekuwa jambo la kila siku, na hakuna anayecheka.

Nyumbani, hata chini ya hema, hata katika chumba kimoja cha familia mbili, maswali matatu yanatosha. Kabla ya kusoma: "Leo unatafuta kujua nini?" Katikati: "Funga, nieleze kwa maneno yako." Mwisho: "Ni wapi umekwama, na kesho utamuuliza nani?" Ulize kwa upole, siyo kama polisi. Akikosea usimpige wala usimwite mpumbavu, kwa sababu siku nyingine atakuficha. Na usiulize siku ile ile tu. Rudi kwenye somo lile lile baada ya siku tatu, halafu baada ya wiki, uone nini kimebaki.

Sitawadanganya kwamba maswali yanashibisha. Mtoto mwenye njaa hasikii vizuri, na mtoto aliyeona damu anahitaji kutulizwa kabla ya kuulizwa mzunguko wa maji. Kaye, kalamu, chakula na usalama bado ni deni la wakubwa, na tutaendelea kulisema kwenye mawimbi haya. Lakini wakati tunangoja deni hilo lilipwe, miaka ya mtoto inapita.

Basi mzazi, mlezi, kaka mkubwa: leo jioni usimuulize mtoto, "Umesoma?" Muulize, "Umejuaje kwamba unajua?" Umpe nafasi ya kufikiri. Akikaa kimya kidogo, usimharakishe, ndipo anapoanza kujitafuta. Na mkipata njia nyingine iliyowasaidia nyumbani kwenu, mtuletee hapa kwenye redio, tuwape na wengine.