Mkamatwa na Ngozi

Wahenga walinena kuwa mkamatwa na ngozi ndiye mwizi. Methali hii ina ndugu yake mahakamani: kanuni inayomruhusu hakimu kuamua kwamba aliyekutwa na mali iliyoibwa majuzi ndiye aliyeiiba, au aliipokea akijua ni ya wizi, asipotoa maelezo ya kuaminika. Ngozi hiyo ikiwa bunduki, mambo huwa mazito. Kwa mujibu wa kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kupokea mali ya wizi pekee kwaweza kumfunga mtu hadi miaka 14. Na sheria ya silaha ina adhabu zake mbali.

Aliyehukumiwa ana siku 14 za kukata rufaa, na akiwa gerezani humkabidhi mkuu wa gereza waraka wake. Pengine nambari ya bunduki imesuguliwa kwa tupa. Mlalamishi aliitambuaje basi kuwa ni ile aliyoibiwa? Lakini kuna rufaa ambazo hutegemea neno moja tu. Hati ya mashtaka husema 'possession', na mahakamani neno hilo hufasiriwa 'kupatikana na'. Tafsiri hiyo ni nyepesi mno. Kupatikana ni jambo la macho ya askari, ilhali sheria hudai pia kwamba mtu awe alijua. Bunduki iliyofichwa darini mwa nyumba ya wapangaji watatu imepatikana kwa kila mmoja wao. Nani aliyejua?

Mpangaji akiulizwa iwapo alipatikana nayo, hujibu, "Ni kweli." Muungwana atakanaje kilichoonwa na mtaa mzima? Jibu hilo likihesabiwa kuwa kukiri kosa, kifungu cha 348 cha Sheria ya Utaratibu wa Jinai humwachia kupinga adhabu tu, si hatia, isipokuwa aonyeshe kuwa hakukiri kikamilifu. Ndiyo maana mwaka 1973 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilisisitiza kuwa mshtakiwa aelezwe kila kiungo cha kosa kwa lugha anayoielewa, na maneno yake yaandikwe kama alivyoyatamka, kadiri iwezekanavyo.

Kumbukumbu hizo humfikia jaji wa Mahakama Kuu kwa Kiingereza. Zikiwa na maneno mawili matatu tu, jaji hatajua kama mpangaji alikiri kujua, au alikubali tu kwamba askari walipanda darini wakashuka na bunduki.