Kutoka Tassia Mpaka Vilima vya Ukambani kwa Baiskeli

Mtaa wa Tassia uko upande wa mashariki ya jiji la Nairobi, katika sehemu ya Embakasi, karibu na barabara kuu iitwayo Outer Ring. Nyumba zake ni za ghorofa nyingi, zimesimama bega kwa bega, hata jua la asubuhi hulazimika kupanda sana kabla ya kuangaza vichochoro vyake. Juu hupita ndege za uwanja uliofunguliwa Embakasi mwaka 1958, ambao sasa huitwa kwa jina la Jomo Kenyatta, na chini ni kelele za matatu, pikipiki na wachuuzi. Mgeni angesema kwamba hapa hapana njia ya mwendesha baiskeli apendaye utulivu. Walakini utulivu hauko mbali. Ni mwendo wa asubuhi moja tu kwa mtu mwenye miguu na baiskeli nzima.

Wakazi wengi wa Tassia walitoka mashambani, na wako wenye asili ya Ukambani ambao kila mwisho wa mwezi hupanda matatu kwenda kuwaona wazazi wao. Aketiye katika matatu hufika upesi, lakini haoni mengi. Yule aendaye kwa baiskeli huiona nchi kwa kipimo cha pumzi zake, na kila kilima hukijua kwa mapaja.

Siku ifaayo ni Jumapili, na saa ifaayo ni mapambazuko, kabla malori hayajawa mengi. Mwanzo wa safari si mtamu. Barabara ya Outer Ring ilipopanuliwa iliwekewa njia za waendao kwa miguu na kwa baiskeli, lakini mara nyingi njia hizo huzibwa na mikokoteni, pikipiki na meza za biashara. Msafiri hushika upande wa kaskazini mpaka aipate barabara ya Kangundo, kisha huelekea mashariki. Hapo hana budi kuwa na taa, nguo ya rangi ionekanayo kwa mbali, na masikio yaliyo wazi. Akisikia lori nyuma yake na kando ya lami ni pembamba, asione haya kushuka na kukokota. Gari likimgonga mtu, halimwulizi ni nani aliyekuwa na haki.

Baada ya Ruai majengo huanza kupungua. Hufuata Kamulu, Joska na Malaa, mahali ambapo miaka michache tu iliyopita palikuwa majani matupu, na sasa nyumba za mawe huchipuka kila pembe. Upande wa kushoto huonekana mlima Ol Donyo Sabuk, wenye kimo cha mita 2,145, ambao wengi huuita Kilimambogo. Juu yake amezikwa William Northrup McMillan, tajiri aliyezaliwa Marekani, aliyefariki mwaka 1925. Kabla ya kufika Tala msafiri huvuka Mto Athi. Maji hayo yana safari ndefu kuliko yake, maana huko mbele huitwa Galana, kisha Sabaki, na huingia baharini karibu na Malindi. Maji yake mekundu hubeba udongo wa mashamba.

Tala ni mahali pa kupumzika. Hapo umekwisha mwendo wa kilomita zaidi ya 50, na mtu mwenye busara hula kabla hajahisi njaa. Chai na maandazi hufaa, lakini sahani ya muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa na kupikwa pamoja na maharagwe, humchukua mtu mbali zaidi. Yafaa pia atazame upepo wa matairi na kukaza breki, kwa sababu kutoka hapa nchi huanza kuinuka.

Kuanzia Kangundo barabara hugeuka kusini na kuzunguka milima ya Iveti, ikipita sehemu za Kathiani na Mutituni mpaka Machakos. Huku ndiko kwenye njia tulivu. Zipo za lami na zipo za udongo mwekundu, zikipanda na kushuka kati ya migomba, miparachichi na mibuni. Magari ni machache. Sauti zisikikazo ni za mnyororo wa baiskeli, jogoo, na watoto wamkimbiliao mgeni wakimsalimu. Mzee aliye kizingitini husema, "Wimuseo?" naye msafiri hujibu, "Ni museo," ijapokuwa pumzi zimemwishia.

Katika kupanda huko, macho yake hufika mahali ambapo abiria wa matatu hayamfikishi. Kila mteremko umekatwa matuta, moja juu ya jingine kama ngazi. Matuta mengi ni ya aina iitwayo fanya juu. Mkulima huchimba mtaro kukingama mteremko, na udongo wake huutupa upande wa juu, ukawa ukingo. Mvua ikinyesha, maji husimama na udongo hubaki. Baada ya miaka shamba husawazika lenyewe. Maneno hayo mawili ya Kiswahili yameingia katika vitabu vya kilimo vya nchi nyingi, na wataalamu wa Ulaya huyatamka bila kuyatafsiri.

Matuta haya hayakupatikana bure. Katika miaka ya 1930 Ukambani ilijulikana kwa ardhi iliyochakaa, na Serikali ya wakati ule ilidhani dawa ni kuwanyang'anya watu mifugo yao kwa bei ndogo. Mwaka 1938 Muindi Mbingu aliwaongoza maelfu ya Wakamba kwenda Nairobi kumtaka Gavana awasikilize, nao wakakaa huko majuma kadhaa. Yeye alikamatwa na kupelekwa Lamu, lakini uuzaji wa nguvu uliachwa. Hatimaye ardhi iliponywa kwa majembe ya watu wenyewe. Walichimba pamoja katika vikundi vya mwethya, na wengi wao walikuwa akina mama. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba tangu 1930 hata 1990 watu wa Machakos waliongezeka zaidi ya mara 5, na hali mmomonyoko wa udongo ulikuwa umepungua.

Basi mwana wa Ukambani akaaye Tassia anapopita hapa kwa mwendo wa polepole, huona pia jambo la kumchoma moyo. Penye mikono ya kutosha, ukingo umepandwa majani na mtaro umezibuliwa. Pengine ukingo umebomoka, na mvua moja kubwa imepasua mfereji mpaka bondeni. Hapo huuliza nafsi yake, nyumbani kwetu ni nani azibuaye mitaro sasa, baba akiwa mzee na vijana wote wako mjini?

Kuhusu kupanda milima, ipo sifa ya kutosha nchini Kenya. Upande wa pili wa Nairobi, huko Kikuyu, David Kinjah alimfundisha kijana Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, katika vilima kama hivi. Froome alishinda mbio za Tour de France mara 4, mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017. Lakini msafiri wa kawaida hana mashindano na mtu. Apande kwa gea nyepesi, na akichoka akokote. Hatari iko katika kushuka. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma, na mwenye breki mbovu huijua ngoma hiyo penye kona ya kwanza.

Kando ya barabara ya Mutituni kuna mahali paitwapo Kyamwilu, ambapo maji yakimwagwa huonekana yakipanda kilima, na gari lisilotiwa moto huonekana likienda juu lenyewe. Wazee husimulia habari za ndugu wawili waliozikwa hapo. Wataalamu wa mambo kama hayo husema ni macho yanayodanganywa na umbo la vilima. Mwendesha baiskeli aliyepanda tangu Tala hujaliwa kucheka hapo, kwa kuwa kilima kimoja kimemhurumia.

Mwisho ni Machakos, mji uliopewa jina la mzee Masaku, ambao ulikuwa makao ya watawala kabla hawajahamia Nairobi mwaka 1899. Asiyeweza kurudi kwa miguu yake hupakia baiskeli katika matatu, na jioni yu Tassia tena.

Lakini mwenye wazazi karibu na njia hii asiharakishe kurudi. Aigeuze safari ya siku moja kuwa ya siku mbili, aegemeze baiskeli ukutani, na asubuhi ashike jembe. Mvua za mwezi wa Novemba, ambazo Wakamba huzitegemea kuliko za Aprili, hazimngojei mtu aliye mjini, na mtaro mmoja uliozibuliwa mapema huokoa udongo wa miaka mingi.