Vitwitwi wa Magadi

Desemba, wenzangu wa Kitengela wakipanda SGR kwenda Mombasa, mimi nabadilisha matatu hadi nifike Ziwa Magadi. Ni Kajiado hiihii, na nauli naimudu hata kabla mhariri hajalipa. Heroe ndio hupigwa picha na kila mtu. Mimi huwatazama vitwitwi wadogo, hawafiki hata gramu 40, wakidonadona ukingoni kwenye matope yanayonuka. Hawa huzaliwa kaskazini kabisa mwa Urusi, na kufikia Juni watakuwa washarudi huko kutaga.

Juzi mamangu ameniuliza tena nitarudi chuo lini. Nikamtumia picha ya kitwitwi mmoja.

“Sasa huyu naye anakula nini hapo?”

Vijinzi, Mama. Hunenepa navyo kabla ya kusafiri.