Je, Walimjua Muuaji Tangu Mwanzo?

Mwezi uliopita, baada ya kipindi cha mbinu za utafiti, mwanafunzi mmoja alinifuata hadi mlangoni akiwa na swali lisilohusu mada ya siku ile. Alikuwa amemaliza kutazama tamthiliya ya Lost, misimu yote sita, naye alikuwa na hasira ya mtu aliyetapeliwa. "Dokta, hivi wale waandishi walijua wanakokwenda, au walikuwa wanatuchezea tu?"

Nilimjibu kwa mkato kwamba hawakujua yote. Jibu hilo halikunitosha hata mimi mwenyewe.

Lost ilipoanza kurushwa na kituo cha ABC cha Marekani mwaka 2004, waandishi wake hawakujua wangepewa misimu mingapi. Biashara ile haimuulizi mwandishi hadithi yake ina urefu gani; humtaka aendelee maadamu watu wanatazama. Sasa utapangaje mwisho wa safari ambayo mwenye gari hajakwambia kama ni ya saa mbili au ya siku tatu? Ndiyo maana katika msimu wa tatu tuliletewa sehemu nzima kuhusu tatuu za Jack, jambo ambalo sidhani kama kuna mtazamaji aliyekuwa akiliulizia. Mei 2007 ikatangazwa kwamba hadithi ingefungwa mwaka 2010, na tangu hapo mwendo wake ulibadilika waziwazi.

Wapo waliopanga. J. Michael Straczynski aliibuni Babylon 5 kama hadithi ya miaka mitano, na sehemu nyingi aliziandika kwa mkono wake. Hata hivyo, baada ya msimu wa kwanza tu mwigizaji mkuu aliondoka. Hadithi haikuanguka, kwa kuwa mwandishi alikuwa amemwekea kila mhusika mlango wa kutokea iwapo lolote lingetukia. Mpango wake ulikuwa umekubali mapema kwamba ungevurugwa.

Na wapo waliookota. Katika Twin Peaks, Frank Silva alikuwa mpambaji wa seti, wala si mwigizaji wa tamthiliya ile. Taswira yake ilinaswa kwenye kioo kwa bahati mbaya wakati wa kurekodi. David Lynch hakuitupa picha ile. Aliijengea mhusika anayetisha kuliko wote katika kisa kizima. Yule ambaye leo tunamwona kuwa kiini cha fumbo hakuwamo katika mswada wa awali.

Kwa hiyo swali la mwanafunzi wangu lina majibu mengi, na ukosefu wa mpango peke yake haumuudhi mtazamaji. Waandishi wa Breaking Bad walianza msimu wa tano kwa kumwonyesha Walter White akinunua bunduki kubwa ya rashasha, ilhali wenyewe walikuwa bado hawajui ingetumika wapi. Hawakutuahidi kwamba wanajua. Linganisha na Battlestar Galactica, ambayo maandishi yake ya utangulizi yalitutangazia kuwa maadui wale wana mpango. Waandishi hawakuwa na mpango wowote uliokamilika, na hata baadhi ya maadui waliojificha miongoni mwa binadamu walikuja kuteuliwa hadithi ikiwa imeshafika mbali. Hapo ndipo hasira ya mtazamaji inapokuwa ya haki.

Hapa, ndugu msomaji, sina budi kujigeukia. Sura ya kwanza ya tasnifu yangu ya uzamivu niliiandika mwisho. Swali linalosomeka pale, kana kwamba ndilo nililoondoka nalo nyumbani, nililipata mwaka wa tatu, baada ya swali la awali kunifia mkononi. Nililipanga upya kila kitu ili nionekane nilijua. Watahini walinisifu kwa mtiririko.

Miaka kadhaa baadaye nilimsimamia binti mmoja aliyekuwa akichunguza vikundi vya kuweka na kukopa vya wauza samaki. Alirudi kutoka sokoni akiwa na msisimko: akina mama wale walikuwa hawataki kuzungumzia mikopo, walizungumzia ushuru. Aliniomba abadili swali. Nilimwambia arudi kwenye andiko lililopitishwa, kwa sababu mtafiti makini hujua anachokitafuta kabla hajaondoka. Alitii, kama wanafunzi wetu wanavyotii. Aliandika tasnifu safi isiyo na uhai, akafaulu, na yale ya ushuru hayakuingia hata katika tanbihi.

Juzi nilitafuta namba yake nikamwandikia, nikamweleza habari ya tasnifu yangu na kumwomba radhi. Sasa ni mtumishi katika halmashauri moja, mbali na soko lile. Alijibu usiku: "Shikamoo Dokta. Madaftari ya mahojiano bado ninayo."