Pikipiki ya Baba



Tunaandika kwa wingi kwa sababu kazi tunayoisimulia ilifanywa na ndugu wawili, nyumbani kwetu Mbalizi, Mbeya. Mmoja ana miaka ishirini na mitano na anasoma falsafa seminarini. Mwingine ni mdogo wake, anaendesha bodaboda. Aliyeshika kalamu ni huyo wa kwanza, lakini wa pili amesomewa kila sentensi kwa simu, na nyingine amezikataa.

Baba yetu ni katekista. Kwa miaka mingi alihudumia vigango vya upande wa Umalila, kule kwenye viazi na baridi, kwa pikipiki aina ya Honda CG125 aliyoinunua mwaka 1999 ikiwa imeshatumika. Wazee wengi wanaikumbuka. Honda walianza kuitengeneza mwaka 1976 wakifikiria nchi kama zetu, ambako pikipiki hubeba mzigo mzito na hukaa muda mrefu bila kuonana na fundi. Ndiyo maana valvu zake husukumwa na fito ngumu, na cheni ya nyuma imefunikwa yote isipate vumbi wala tope. Waliounda mashine ile walijua kuna siku itasahauliwa.

Yetu ilisahauliwa kupita kiasi. Mwaka 2017 ilizimika mlimani njia ya Ilembo, ikasukumwa hadi nyumbani na kuwekwa kwenye banda chini ya magunia. Tangu siku hiyo Baba alikwenda vigangoni kwa miguu, au kwa kuomba lifti kwenye malori ya viazi.

Likizo ya Juni mwaka jana tulibishana juu yake. Mseminari alitaka ifufuliwe, iwe kumbukumbu ya utume wa Baba. Mdogo alitaka iuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu. "Kumbukumbu haili ugali," alisema, "lakini haijazi tenki pia." Mama ndiye aliyetukatiza. Alisema magoti ya Baba yanauma, na kigango hakijasogea karibu. Tukaacha kubishana, tukatoa magunia.

Pistoni ilikuwa imegandiana na silinda. Tulimimina dizeli kidogo kupitia tundu la plagi, tukaiacha siku tatu, halafu tukaigonga taratibu kwa kipande cha mti. Siku ya nne ikaachia. Tulipofungua nati ya chini ili kumwaga oili, haikumwagika. Ilijivuta nje kama uji uliolala, nyeusi tii. Chujio dogo la waya lililo chini ya injini lilikuwa limezibwa na tope hilo hilo. Ukuta wa silinda ulikuwa na mikwaruzo unayoweza kuihisi kwa ukucha.

Mdogo alifuta mikono, akasema, "Hii haikufa kwa uzee. Imekufa kwa njaa."

Mseminari hakuamini. Baba tunayemfahamu ni mtu wa utaratibu. Alikuwa na daftari dogo lenye jalada gumu ambamo aliandika kila alipobadilisha oili: tarehe, kilomita, na kigango alichotoka. Tulilikuta kwenye sanduku la vitabu vya ibada. Mistari imepangwa vizuri, mwaka baada ya mwaka, kila baada ya kilomita elfu moja na mia tano au karibu na hapo. Mstari wa mwisho wa oili ni wa Januari 2014.

Lakini ukurasa unaofuata haukuwa mtupu. Kwa mwandiko ule ule Baba aliandika: ada, awamu ya kwanza. Godoro. Sanduku. Nauli. Halafu awamu ya pili, na ya tatu, hadi mwisho wa daftari. Januari 2014 ndiyo mmoja wetu alipoingia kidato cha kwanza katika seminari ndogo.

Tulikaa kimya kwenye lile banda. Mdogo ndiye aliyesema kwanza: "Mimi nilijua, Kaka. Nilikuwepo. Alikuwa ananituma dukani ninunue oili nusu lita ya kuongezea, baadaye akaacha kunituma." Alisema bila hasira, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulisikia. Yeye mwenyewe aliishia kidato cha nne. Aliyekwenda alipewa ada, na aliyebaki alibaki na habari kamili ya namna ilivyopatikana.

Tulipomuuliza Baba jioni ile, alisema tu, "Mwaka ule kulikuwa na mambo mengi, wanangu." Akauliza kama pistoni imetoka.

Spea tulizipata Mwanjelwa kwa urahisi kuliko tulivyotegemea. Injini nyingi za pikipiki za Kichina zilizojaa barabarani kwetu zimeigwa kutoka kwa hii Honda, kwa hiyo silinda na pistoni mpya za bodaboda ziliingia bila kulazimishwa. Ya mdogo wetu nayo ni ya ukoo huo: tuseme ni mjukuu aliyemtolea babu yake damu. Fedha pia zilitoka kwake, akiba ya miezi mitatu. Mseminari alitoa mikono yake.

Valvu tuliziacha na nafasi ya milimita 0.08. Plagi ilikuwa nyeusi kila tulipoitoa, kwa sababu Mbeya iko juu, karibu mita 1,700, hewa ni nyepesi, na kabureta mpya ilikuwa inamimina petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Tulishusha sindano yake hatua moja, na plagi ikaanza kutoka na rangi ya kahawia, kama inavyotakiwa.

Katikati ya kazi mseminari alisimulia habari ya meli ya Theseus, iliyoandikwa na Plutarch: Waathene walibadilisha mbao zilizooza moja baada ya moja, hadi wanafalsafa wakaanza kubishana kama bado ni meli ile ile. Je, hii yenye silinda, pistoni na kabureta ya Kichina bado ni pikipiki ya Baba? Mdogo alijibu bila kuinua kichwa: "Kadi ina jina lake." Hatujapata jibu bora zaidi darasani.

Iliwaka siku ya kumi na sita, kwa kiki ya saba. Baba alitoka ndani amevaa kofia, akasikiliza kidogo, akasema kuna valvu moja inapiga kelele. Alikuwa sahihi. Jumapili iliyofuata alikwenda Umalila akiwa amekaa nyuma, mdogo akiendesha polepole kwa sababu pistoni mpya haipendi haraka. Mseminari alibaki akiwasikiliza hadi mlio ukapotea.

Tuliwahi kudhani kutunza ni kazi ndogo kuliko kufufua. Kufufua kulituchukua siku kumi na sita na majirani walikuja kutazama. Kubadilisha oili kunachukua dakika ishirini, hakuna anayekuja kutazama, na ndiko kulikokosekana. Baba hakuwa mzembe. Alichagua kipi kikose oili, wala hakumwambia aliyefaidika.

Ndugu waseminari, tunafikiri hadithi hii si yetu peke yetu. Nyumbani kwa kila mmoja wetu kuna kitu kilichokosa oili ili sisi tuwe hapa: paa, shamba, goti la mzazi, mara nyingine masomo ya mdogo wetu. Likizo ijayo, kabla ya kuhubiri jumuiyani, tumuulize aliyebaki nyumbani. Yeye anajua. Nanyi waamini mnaotutegemeza kwa michango, mseme msichokinunua, angalau kwa Mungu katika sala, nasi tutajua namna ya kuwaombea.

Mmoja wetu amerudi seminarini. Mwezi uliopita alipokea picha kwenye simu: daftari jipya, mwandiko wa mdogo, mstari mmoja wenye tarehe na kilomita. Chini yake ameandika: "Oili, lita moja. Ilembo. Baba anasalimia."