Picha ya Liuhua kwa Vidole

 

Leo naomba tuongee kuhusu picha. Si mnajua sisi tulioko huku tulivyo na ugonjwa wa picha. Mtu hajamaliza hata wiki Guangzhou, nyumbani wameshapokea picha hamsini: mimi na mnara, mimi na daraja, mimi na bakuli la tambi. Kwetu Tanga picha hizo zinazunguka simu kwa simu, kwa mama, kwa shangazi, kwa majirani, mpaka zinafika kwa mdogo wangu wa kike. Hapo zinagota, maana yeye haoni tangu kuzaliwa.

Siku hizi simu yake inamsomea picha, na sitaki kuibeza teknolojia hiyo, inamsaidia sana. Lakini nilipomtumia picha niliyopigwa kwenye bustani ya Liuhua, simu ilimwambia: mwanamume amesimama karibu na maji, nyuma yake kuna miti na majengo. Basi. Akanipigia: "Kaka, maji gani hayo? Bahari, mto au dimbwi la mvua? Na hiyo miti iko upande wako au ng'ambo?" Yaani alipata orodha ya vitu, ila hakupata mahali.

Kwa msiopafahamu, Liuhua maana yake ni maua yanayotiririka. Ni mtaa ulio karibu na stesheni kuu ya treni ya Guangzhou. Maonyesho ya biashara ya Canton yalikuwa yakifanyika hapo tangu 1974, mpaka yalipohamia Pazhou moja kwa moja mwaka 2008. Wenzetu wafanyabiashara wanapajua kwa masoko ya nguo za jumla. Mimi napendea ziwa. Lilichimbwa na watu mwaka 1958, na limekatwa na njia ya tuta yenye miti ya jamii ya mivumo, majani kama vipepeo vya ukili. Kuna na kisiwa wanakolala yangeyange.

Nikamwambia mdogo wangu nitampelekea picha ya kugusa. Jibu lake lilikuja na masharti. Yeye alianzia Irente, Lushoto, kwenye shule ya msingi ya wasioona, na nukta nundu anaisoma kuliko mimi ninavyosoma gazeti. Akasema: "Usichukue picha yote ukaiinua juu ukaniletea. Huo ni uji. Nitapapasa mpaka vidole vichoke, nisipate kitu."

Jamani, tuelewane hapa, maana ndipo wengi wenye nia njema wanapokwamia. Jicho linachota picha nzima kwa mkupuo mmoja. Kidole kinasoma kama mtu anayehesabu tasbihi, punje baada ya punje, halafu akili ndiyo inayounganisha. Nukta za nukta nundu zenyewe zinaachana kama milimita 2.5 hivi. Mistari miwili ikikaribiana chini ya milimita 3, chini ya kidole inakuwa kitu kimoja. Kwa hiyo kivuli, mawingu, mikunjo ya shati, vyote vinavyopendeza machoni, kwenye vidole ni kelele tu.

Njia za kutengeneza ziko nyingi. Ipo karatasi maalumu ya kuumuka: unachora kwa wino mweusi, unaipitisha kwenye mashine ya joto, na palipo na weusi panafura kama andazi. Ipo njia ya plastiki: karatasi ya plastiki inapashwa moto, kisha inafyonzwa kwa hewa juu ya kielelezo mpaka ishike umbo lake, na kielelezo kimoja kinatoa nakala nyingi. Na ipo ya kwetu sisi tusio na fedha: kadibodi, gundi na vitu vya kubandika. Lakini mashine yoyote ile haikuamulii cha kuweka na cha kuacha. Hiyo ni kazi ya mtu.

Mdogo wangu aliniuliza swali moja tu: "Unataka nijue nini?" Nikafikiri. Nilitaka ajue ninapotembea Jumapili nikichoka na maabara. Basi ile picha yenyewe haikufaa, kilichofaa ni ramani. Katika picha, mti ulio karibu nami ni mrefu kuliko ghorofa lililo mbali. Jicho limezoea ulaghai huo, mkono haujui. Utaambiwa mti umelipita ghorofa, nao utaamini. Taswira ya majengo ndani ya maji nayo haigusiki, hiyo nilimweleza kwa maneno. Nikaondoa majengo, nikaondoa mawingu, na mwisho nikajiondoa mwenyewe kwenye picha yangu. Vikabaki vitu vitano: lango, ziwa, tuta, miti, kisiwa.

Vifaa nilivipata hapo hapo Liuhua, kwenye masoko ya nguo. Ziwa ni kitambaa cha satini, laini, kidole kinateleza. Nchi kavu ni kipande cha jinzi. Tuta ni kamba nene. Miti ni vifungo vya shati pembeni ya kamba, vimeachana vizuri. Kisiwa cha ndege ni kitambaa cha manyoya. Mwenye duka alinishangaa sana: Mwafrika anataka vifungo kumi na viwili, wakati wenzake wanabeba magunia! Herufi za nukta nundu nilizitoboa kwa kibao na kalamu yake: z ni ziwa, t ni tuta, k ni kisiwa, na ufunguo wake kwenye karatasi ya pembeni. Ukubwa wote ni viganja viwili, ili mikono isipotee njiani.

Mama mmoja wa Kariakoo aliyekuja kununua mzigo alinibebea. Ilipofika Tanga, mdogo wangu alinipigia, nikamweleza kwanza kwa ufupi kuna nini na aanzie wapi: lango, kona ya chini kushoto. Kisha nikanyamaza. Nikasikia vidole vikikwaruza jinzi, halafu kimya, vimeingia kwenye satini. "Kumbe unatembea katikati ya maji!" akasema. Baada ya kitambo: "Huku maji na huku maji. Sasa watoto hawatumbukii?" Swali hilo hakulipata kwangu wala kwenye simu. Alilipata mwenyewe, kwa kuangalia kwake.

Sasa nije kwenye kilichonisukuma kuandika. Mdogo wangu alipokuwa sekondari, vitabu vyake vingi vya nukta nundu vilikuwa na maneno mawili yanayojirudia: "Mchoro umeachwa." Ramani ya mvua, umeachwa. Moyo wa binadamu, umeachwa. Mtoto anakua akijua kwamba kila penye picha, wenzake wanapita, yeye anaruka. Halafu tunasema jiografia na sayansi haziwafai wasioona!

Kisheria kisingizio kimepungua. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, unaoruhusu kutengeneza nakala za vitabu kwa ajili ya wasioona bila kuomba ruhusa ya mwenye haki, unagusa pia michoro iliyo ndani ya vitabu hivyo. Kenya ilijiunga 2017, Uganda 2018, Tanzania 2020, na China ulianza kutumika 2022. Kilichobaki ni mikono.

Ndiyo maana nawaomba ninyi mnaosoma udaktari, uhandisi, ualimu. Chukua mchoro mmoja tu wa fani yako. Usiuinue wote. Kaa na mtu asiyeona, muulize anataka kujua nini. Moyo, kwa mfano, unaweza kuhitaji karatasi mbili: moja ya vyumba vyake, nyingine ya njia ya damu. Akishaipapasa mbele yako ndipo utajua kama umechora au umepika uji. Ukienda likizo, beba. Kadibodi haina uzito.

Mimi nimeshapewa kazi nyingine. Mdogo wangu anataka stesheni ya treni, na ameonya: watu wote wa Guangzhou nisiwaweke, niache njia ya kupita.

Masomo mema.