Saa ya Kidonge cha Mwisho

Mdogo wangu ana baipola, na miaka yote aliyoishi nami Leeds, lithiamu ndiyo iliyomtuliza. Kila alipokwenda kutolewa damu, muuguzi alianza na swali: kidonge cha mwisho umemeza saa ngapi? Damu hutolewa zikishapita saa 12 tangu dozi. Aliyemeza saa nne usiku hupimwa saa nne asubuhi, kabla hajameza kingine. Ikitolewa mapema, kipimo huonyesha dawa nyingi kuliko ilivyo, na daktari anaweza kupunguza dozi iliyokuwa sawasawa.

Kwa wengi, kiwango kinachotafutwa ni kati ya milimoli 0.6 na 0.8 kwa lita. Kikipita 1.5, mtu hutapika, huyumba, ulimi humwia mzito. Mwaka 1949 watu walikufa Marekani kwa lithiamu iliyouzwa badala ya chumvi ya mezani. Mwaka huohuo John Cade wa Australia alieleza jinsi ilivyowatuliza wagonjwa wake. Marekani iliiruhusu kama dawa mwaka 1970, maabara zikiwa tayari zinajua kuipima.

Sasa mdogo wangu amerudi Mombasa. Daktari wake namheshimu mno: humtazama mikono kama inatetemeka, humtembeza chumbani, humuuliza mama kijana analalaje. Lakini damu husafirishwa hadi Nairobi kwa pesa zetu, majibu hukawia, na fomu haina mahali pa kuandika saa ya dozi. Namba hurudi, wala daktari hajui aisomeje.

Na Pwani ndiko kipimo kinakohitajika zaidi. Jasho au kuharisha kukimkausha mtu, figo huzuia chumvi isipotee, na lithiamu huzuiwa pamoja nayo. Diklofenaki, ambayo kila duka la dawa huuza kwa maumivu ya mgongo, nayo hupunguza lithiamu inayotoka kwenye mkojo. Ramadhani ikiingia, mtu hushinda bila maji, na saa ya kidonge huhamia futari au daku. Anayetaka kufunga azungumze na daktari mapema, apimwe.

Mashine za kupima lithiamu ni ghali, nalijua hilo. Kwa sasa mama huandika saa pembeni mwa fomu kwa mkono wake. Nawaomba wakuu wa maabara zetu waongeze mstari mmoja hapo, na wauza dawa wamuulize mteja anatumia nini kabla ya kumpa diklofenaki.